Pini Nane Mezani

Runinga inaonyesha nembo, inazimika, inaonyesha nembo tena. Mwenyewe ni mzee wa Kisomali mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira huku Kakuma 1; ameifunga kwa shuka na kuipakata juu ya bodaboda hadi hapa. Anasema imekufa. Fundi haafiki wala hapingi. Anaiacha irudie nembo yake mara nne tano, akitazama muda unaopita kati ya nembo na nembo, kisha anachomoa plagi.

"Mzee wangu, haijafa. Imesahau."

Programu inayoiamsha runinga ya bei nafuu ya inchi 32, pamoja na lugha za menyu, orodha ya stesheni na kiwango cha sauti ulichoacha jana usiku, yote hukaa katika chipu moja ya kumbukumbu isiyozidi punje ya hindi, yenye pini nne kila upande. Bodi ikipata umeme, kazi yake ya kwanza ni kwenda kusoma pale. Ikikuta data imeharibika inajizima na kuanza upya, na hapo ndipo nembo inapogeuka kuwa wimbo usioisha.

Uharibifu huo ni wa kila mahali, lakini Turkana una chakula cha kutosha. Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka wa 1992, sehemu kubwa ya stima ya madukani imekuwa ikitoka kwa jenereta za watu binafsi, waya ukipita juu ya mabati kutoka duka hadi duka, na mwenye jenereta ndiye mwenye saa. Wengine wanatumia sola na betri zilizochoka. Lodwar nao, makao makuu ya kaunti, umeendeshwa kwa miaka mingi na mitambo ya dizeli, ingawa mto uleule wa Turkwel unaopita mjini umezuiwa huko kusini na bwawa lenye mitambo ya megawati 106, umeme wake ukielekea gridi ya taifa. (Jambo hili ukilizungumza kwenye hoteli yoyote ya Lodwar, chai itapoa kabla watu hawajalimaliza.) Kwa chipu yenye pini nane, maana yake ni moja: umeme hukatika wakati kifaa kinaandika. Dikoda ilikuwa inapokea programu mpya, runinga ilikuwa inahifadhi stesheni, na mwenye jenereta akazima akaenda kulala.

Fundi huyu ni Mkongomani wa Kivu, na Kiswahili chake bado kina mwendo wa huko. Nimekaa mezani kwake mara nyingi kiasi kwamba haniulizi tena nataka nini. Leo nimeketi upande wa kushoto, mahali ambapo kivuli changu hakiangukii bodi.

Hakimbilii chipu. Anafungua mgongo wa runinga, anapuliza vumbi kwa brashi ya rangi, na kuchukua mita. Anapima volti 5 za kusubiri, kisha 3.3 kwenye pini ya umeme ya chipu yenyewe, kisha volti ndogo zinazolisha kichakataji. Kila namba inakuja ilivyotakiwa, na kila moja anaiandika katika daftari la shule lenye mistari ya bluu. Anapapasa vichwa vya kapasita kwa ncha ya kidole akitafuta kilichovimba. Hakuna. Bodi nyingi za aina hii hutoa maandishi ya kuwaka kupitia pini mbili za VGA. Anaunganisha nyaya mbili hapo, na kwenye skrini ya laptopu ya zamani mistari inaanza kutiririka. Inakwenda, inakwenda, inakatika. Anawasha tena. Inakatika palepale. Sasa ana haki ya kuishuku kumbukumbu, na shaka yake ina anwani.

Ndipo anaposhika lenzi. Kwenye mgongo wa chipu kuna nukta ndogo, alama ya pini ya kwanza, na chini yake maandishi ambayo jasho na moshi wa flaksi wa fundi aliyetangulia vimeyafifisha. Anapaka spiriti, anainamisha bodi hadi mwanga wa mlangoni uje kwa mshazari, na herufi zinajitokeza: W25Q64FV. Winbond; megabiti 64, yaani megabaiti 8. Mimi ningeishia hapo. Yeye anaishia kwenye herufi ya mwisho. V maana yake chipu hii inaishi kati ya volti 2.7 na 3.6. Kama ingekuwa W, ingekuwa chipu ya volti 1.8, umbo lilelile, pini zilezile, na volti 3.3 zingeweza kuiua. Anamwita kijana anayejifunza kazi kwake, anampa lenzi, na kumtaka asome herufi ile kwa sauti.

Hapa ndipo swali la programa linapoingia. Kifaa cha kusomea na kuandikia chipu hufika Kakuma kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, kwa basi linalopitia Kitale na Lodwar, na muuzaji yeyote wa Luthuli huanza kwa kusifu orodha: hii inatambua chipu elfu kadhaa, ile elfu nyingi zaidi. Fundi huyu orodha haimshughulishi, kwa sababu chipu zinazofika mezani kwake katika mwaka mzima zingeenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari lake. Anataka kujua volti ngapi zinatoka kwenye pini za data, mbali na pini ya umeme. Anataka kujua kama programa ikishaandika itasoma tena ilichoandika na kulinganisha baiti kwa baiti. Na anataka kujua kama programu yake itafanya kazi kwenye laptopu kongwe, bila intaneti, siku ambayo mtandao wa simu umelala.

Kwenye mkebe wa biskuti ana programa nne. Inayotumika zaidi ni ile ndogo nyeusi yenye chipu ya CH341A, kazi ya kampuni ya WCH ya Nanjing, China. Haizidi urefu wa kidole, inachomekwa moja kwa moja kwenye USB, na soketi yake ya wenzo ina nusu moja kwa chipu za familia ya 25, kama hii ya runinga, na nusu nyingine kwa familia ya 24. Ni rahisi kununua na ni rahisi kulaumu, na lawama yake kubwa ni ya kweli: jinsi inavyotoka kiwandani, bodi ile nyeusi hulisha chipu volti 3.3 lakini hupeleka ishara kwenye pini za data kwa volti 5. Chipu nyingi huvumilia. Nyingine huvumilia leo zikafa wiki ijayo, na fundi asiyejua hulaumu runinga. Ya kwake ameirekebisha, na kuna nukta ya rangi ya kucha juu yake kuonyesha hivyo.

Ya pili ni USBasp, kazi ya Thomas Fischl wa Ujerumani, ambaye aliitoa na michoro yake wazi ili yeyote aijenge. Hiyo ni ya mikrokontrola za AVR. Ya tatu ni PICkit ya kampuni ya Microchip, kwa ajili ya PIC. Ya nne ni adapta tu ya kushusha volti hadi 1.8, lakini yeye huihesabu kuwa programa, na sikuona sababu ya kubishana.

Kuna klipu pia, inayouma miguu ya chipu ikiwa bado kwenye bodi, na inayokuokolea kazi ya kuing'oa. Anaiweka pembeni. Klipu ikiilisha chipu umeme, umeme huo hauishii hapo. Unapanda kwenye bodi nzima, kichakataji kinaamka nusu na kuanza kuzungumza kwenye nyaya zilezile, na volti inashuka. Unasoma mara ya kwanza unapata hiki, mara ya pili unapata kile. Kwenye laptopu huwa anaikubali klipu baada ya kujaribu. Kwenye runinga za namna hii anang'oa.

Mafundi wa Nairobi hung'oa kwa bloa, upepo wa moto wa nyuzi mia tatu na zaidi. Bloa hunywa umeme kuliko inverta yake inavyoweza kutoa, kwa hiyo yeye anatumia chuma cha kulehemu cha wati 60 na kipande cha waya wa shaba. Anaukunja waya kuwa kama kibanio cha nywele, mkono mmoja kwa kila safu ya miguu, anaulaza juu ya pini zote nane na kupaka flaksi. Kisha anamwaga lehemu kwa ukarimu ambao mwanafunzi angeuogopa, hadi shaba na miguu vinakuwa mfereji mmoja unaong'aa. Anapeleka ncha ya chuma kushoto, kulia, kushoto, bila kusukuma. Joto linasambaa kwenye shaba. Ghafla chipu inateleza yenyewe, robo milimita hivi, na kwa kibano anaiinua kama vile haikuwahi kushikwa na kitu. Utepe mmoja wa shaba ukinyanyuka kutoka kwenye bodi wakati huu, kazi iliyobaki ni ya siku nzima. Hakuna ulionyanyuka. Anavuta lehemu iliyobaki kwa utambi wa shaba, anasugua kwa spiriti na mswaki, na miguu minane inakaa wima na safi.

Hewa ya Turkana ni kavu, na ukavu huzaa umeme tuli. Kabla ya kuigusa chipu kwa mkono anagusa mguu wa chuma wa meza. Anaiweka kwenye adapta ya upana wa mil 208, akiiacha ile ya mil 150 ambayo inafanana nayo hadi uzijaribu, nukta ikitazama wenzo. Anauteremsha wenzo.

Kitu cha kwanza anachoiuliza chipu ni jina lake. Kumbukumbu nyingi za familia ya 25 zina baiti tatu za kujitambulisha, na hii inajibu EF 40 17: EF kwa Winbond, 17 kwa ukubwa wake. Kama ingejibu FF tatu au sufuri tatu, maana yake mguu mmoja haujagusa, na fundi hodari hangeendelea hata kidogo. Anabofya kusoma. Baiti 8,388,608 zinapita polepole kwenye waya wa USB, na yeye anakunja mikono. Anahifadhi faili, anafungua soketi, anaitoa chipu, anairudisha, anasoma upya. Sasa ana mafaili mawili. Anayalinganisha kwa programu ya kukokotoa alama, msururu wa tarakimu unaobadilika wote hata baiti moja ikitofautiana. Yanalingana. Kama yasingelingana angesoma ya tatu, na ya nne, na mzee wa kibanda angeambiwa aje kesho.

Nimewaona mafundi wengine wanaoruka hatua hii, na wengi wao ni wepesi wa mkono kuliko huyu. Wakishaandika juu ya data mbovu bila kuihifadhi, kilichokuwa cha runinga hiyo peke yake kimetoweka: namba yake ya kadi ya mtandao, ufunguo wa HDCP, namba ya kiwanda. Runinga itawaka, ndiyo, ila itakuwa imeazima utambulisho wa nyingine.

Faili linafunguliwa kama safu za namba. Mwanzo ni programu ya kuamsha, mnene, usio na nafasi. Halafu maneno ya Kiingereza yanapita, majina ya menyu. Halafu jangwa la FF FF FF, kumbukumbu tupu. Fundi anashuka kwa kidole hadi eneo la mipangilio, na hapo anasimama: nusu ya ukurasa ina data, nusu imebaki FF, mpaka umekatwa katikati ya sentensi. Ni pale umeme ulipokatika. Anajisogeza kando nione.

Kutoka kwenye diski ya nje anafungua maktaba yake. Miaka yote hii, kila runinga nzima inayoletwa kwa ugonjwa mwingine, taa za nyuma zimeungua au kioo kimepasuka, humwomba mwenyewe ruhusa na kusoma chipu yake kabla ya kuifunga. Jina la kila faili lina namba ya bodi na namba ya kioo. Namba ya kioo ni muhimu kama ya bodi, maana bodi ileile hufungwa na vioo tofauti. Ukikosea, runinga inawaka vizuri na mtangazaji anasoma habari akiwa kichwa chini miguu juu, au rangi zote zinageuka. Anapata faili linalolingana na namba zote mbili. Halimwagi lote. Anachukua humo eneo lililoharibika tu, analipandikiza kwenye faili la runinga hii, na kuviacha vitambulisho vyake mahali pake.

Kumbukumbu ya aina hii haibadilishwi kwa kuandika juu. Kufuta huigeuza kila biti kuwa 1, na kuandika kunaweza tu kuishusha 1 kuwa 0. Ukitaka biti moja ipande, lazima ufute kipande kizima cha kilobaiti 4. Kwa hiyo anafuta, na kabla ya kuandika anaiamuru programa ihakikishe kwamba chipu nzima ni FF kweli. Anaandika. Programa inasoma tena na kulinganisha. Yeye naye anasoma upya kwa mkono wake na kukokotoa alama, kwa sababu programa na yeye ni mashahidi wawili.

Mbinu hii ya kufuta kwa umeme ina historia fupi. Kumbukumbu ya kufutika ya Dov Frohman, aliyoitengeneza akiwa Intel mwaka wa 1971, ilikuwa na kidirisha cha kioo mgongoni na ilifutwa kwa mwanga wa urujuanimno. Karatasi za Intel za chipu za jamii hiyo zilionya kwamba kidirisha kikiachwa wazi kwenye jua kali, data inaweza kupotea kwa muda wa wiki moja hivi. Sijui jua walilolipimia lilikuwa la wapi. La Lodwar, linalopeleka mchana hadi nyuzi 35 na kuvuka, lisingehitaji kusisitizwa. Fujio Masuoka wa Toshiba alipoitangaza kumbukumbu ya flashi mwaka wa 1984, kidirisha kilikuwa kimepitwa.

Simu inalia. Ni fundi wa Lodwar, Mturkana, dada anayetengeneza vifaa vya sola kilomita 120 hivi kusini mwa hapa. Wawili hawa hufanya kazi pamoja kuliko maduka mengi yanayotazamana, na mara nyingi hufanya hivyo bila kuonana, maana mkimbizi hatoki Kakuma kwenda Lodwar bila kibali cha kusafiri, na kibali kina foleni yake. Chipu ndizo zinazosafiri. Zinafungwa kwenye karatasi ya alumini, zinatiwa kwenye kiberiti, na kiberiti kinapewa dereva wa matatu.

"Mwalimu, ile ATmega yako imefika. Haijibu kabisa."

"Niliikosea fyuzi, dada. Nimeiambia itumie kristali ya nje, na kwenye bodi hakuna kristali."

"Basi nitaipiga volti kumi na mbili."

Hapa ndipo tofauti ya programa inapoonekana. Mikrokontrola ya AVR, kama hiyo ATmega, ina baiti za fyuzi zinazoiamulia ichukue wapi mapigo ya saa. Ukiielekeza kwenye kristali isiyokuwepo, inakaa kimya, na USBasp haiwezi kuiamsha kwa sababu yenyewe huhitaji chipu iwe macho. Kuna mlango mwingine, wa volti 12 kwenye pini ya kuanzisha upya, na mlango huo unafunguliwa na programa kubwa ya soketi ya pini 40. Dada wa Lodwar ana TL866II Plus ya XGecu. Mimi nilidhani aliinunua kwa ajili ya ile orodha ndefu. Alivyonieleza dukani kwake siku moja, aliinunua kwa mambo mawili: inaweza kuzifufua chipu zilizofungwa kwa fyuzi, na kabla ya kusoma inaweza kupima kama kila mguu umegusa soketi. Kwa programu anatumia minipro, programu huria ya Linux, kwa sababu laptopu yake haina Windows na hataki kuilipia.

Huyo dada mikono yake ni ya aina nyingine. Ni mwepesi, huzungumza akifanya kazi, na huweka redio juu. Lakini ukimtazama akipanga pini kwenye soketi ya wenzo, anayahesabu mashimo kutoka nyuma kuja mbele kwa ncha ya bisibisi, kila mara, hata kwa chipu aliyoipachika mara mia.

Mikrokontrola zina kizuizi ambacho kumbukumbu za pini nane hazina. Nyingi zina biti ya kulinda msimbo: mtengenezaji akishaiweka, unaweza kuifuta chipu lakini huwezi kuisoma. Kidhibiti cha sola kikiletwa na mikrokontrola iliyokufa, hakuna maktaba itakayosaidia. Unamwandikia mtengenezaji, au unabadilisha bodi, au unaandika programu yako mwenyewe. Hii ya tatu ndiyo waliyoichagua hawa wawili kwa ajili ya kidhibiti kidogo cha kuchaji betri. Yeye wa Kakuma anaandika msimbo, dada wa Lodwar anaujaribu kwenye paneli, na fyuzi iliyokosewa ni sehemu ya safari.

Kuna kazi wanazozikataa wote wawili, na wamezikubaliana. Vifaa vya sola vya lipa mdogo mdogo vilivyozimwa kwa sababu malipo yamekwama, hawavifungui. Laptopu yenye nywila ya BIOS, mwenye nayo aonyeshe risiti au barua. Kilomita za gari hukaa katika chipu ndogo ambayo programa ya bei ya chini inaweza kuiandika upya kwa dakika chache, na mteja mwenye gari la kuuza ameshakuja hapa na pesa mkononi. Alirudi nazo.

Fundi anairejesha chipu kwenye bodi. Nukta kwenye nukta. Anashika mguu mmoja wa pembeni kwa tone la lehemu, anatazama kwa lenzi kama miguu mingine saba imelala juu ya vitanda vyake, anashika wa pembe ya pili, halafu ndipo anailehemu mingine, akiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine joto lisirundikane. Anasafisha flaksi. Anapima kwa mita kama miguu jirani imegusana. Anachomeka.

Nembo. Kisha menyu. Kisha picha, kichwa juu miguu chini.

Mzee amesimama, shuka mkononi, yuko tayari kuondoka. Kuna mechi jioni. Fundi anamwomba akae. Anatafuta stesheni, anabadilisha lugha, anapandisha sauti, na katikati ya kuhifadhi anachomoa plagi kwa makusudi. Anairudisha. Runinga inaamka. Anachomoa tena, mapema zaidi. Inaamka. Mzee anatazama kwa uchungu wa mtu anayeona mali yake ikipigwa makofi, kisha anaelewa, kisha yeye mwenyewe anaomba achomoe mara moja. Anaruhusiwa. Anashauriwa anunue kifaa cha kulinda volti, na anasema atanunua, kwa sauti ambayo sote watatu tunaifahamu.

Akishaondoka, kijana anatoa sanduku dogo kutoka mfukoni. Amenunua programa yake ya kwanza, nyeusi, CH341A, imekuja na basi la jana. Alitaka ile ya pini 40 na anasema hivyo. Alisomea umeme kwa Don Bosco hapa Kakuma na anajua kusoma mchoro, kwa hiyo fundi hamwelezi sana. Anamsogezea mita kwanza. Kijana anapima pini ya umeme kwenye soketi: 3.3. Anapima pini za data: karibu 5. Ananyanyua macho.

Fundi anamwonyesha kwenye chipu kubwa ya katikati pini ya 28, ile inayopokea umeme wa USB. Kijana anaweka tone la flaksi, anaupasha mguu ule mmoja, na kwa ncha ya sindano anauinua kutoka kwenye bodi. Ni mguu mwembamba kuliko uzi wa kushonea vifungo, na ukivunjika programa imekwisha. Anashusha pumzi baada ya kuuinua. Anachukua waya mwembamba uliotolewa kwenye transfoma iliyoungua, anakwangua enameli pande zote mbili, anaulehemu kutoka kwenye mdomo wa 3.3 wa kidhibiti volti hadi kwenye mguu ulioinuliwa, na kipande kingine kutoka hapo hadi pini ya 9. Lehemu ya kwanza inatoka na pembe. Fundi haoni, au anajifanya haoni. Kijana anaipasha tena mwenyewe hadi inalainika.

Anachomeka, anapima. Pini ya umeme, 3.3. Pini za data, 3.3. Anaitafuta chupa ya rangi ya kucha.

"Bado," anasema fundi. "Tia chipu kwenye soketi, upime tena ikiwa inasoma."